Mwito wa Kwanza

Everline Kageha hakuwa mtu wa kuitika akiitwa mara moja. Ungemwita kwa jina lolote lake, hata umesimama hapo nyuma yake, maadamu hakuoni uso hakuitiki. Angeendelea kukunja mapazia yake kana kwamba masikio yametiwa nta. Ukirudia, hapo ndipo angegeuka na kusema "Naam" kwa ile sauti ya kwao, nzito na yenye mkwaruzo, ambayo kwenye simu iliwafanya wateja wageni wamsalimie "Habari, mzee."

Kule soko la Gikomba, alikouza mapazia ya mitumba tangu ujana wake, walimpa jina la Mama Mara Mbili. Wachukuzi wa mikokoteni walijua kwamba ukimpigia kelele "Mama, pisha!" mara moja tu, utamgonga na kosa ni lako.

Ni nyanyake aliyemlea kule Vihiga aliyemtia adabu hiyo. Mwito wa kwanza si wako, alimwambia. Aliyekufa ana pumzi ya kuita mara moja tu. Aliye hai akikutaka ataita tena. Ukiitika ule wa kwanza bila kumwona anayekuita, umejipeleka mwenyewe. Na ukiitika mwito wa mwenzako, lililokuwa likimjia yeye umelibeba wewe.

Cheka ukitaka. Hata Nyongesa, mumewe, alicheka sana wiki ile ya harusi, halafu akazoea. Miaka yote waliyoishi pamoja alimwita kwa mapigo mawili, "Kageha, Kageha," kama mgeni anayebisha hodi kwa heshima. Binti yao wa pekee, Shirleen, alikua akimwita mama yake hivyo hivyo, ingawa yeye mwenyewe hofu hiyo haikumshika. Shirleen ukimwita ameshaitika kabla hujafika mwisho wa jina. Mtoto wa mjini, angesema mama yake, hana cha kuogopa mpaka kimuume.

Nyumba yao iko mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, si mbali na Baba Dogo ambako Nyongesa alikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Walinunua ploti wakiwa bado na nguvu, wakajenga chumba kwa chumba, na sebule ilikaa miaka bila dari, mvua ikipiga mabati mpaka wakawa wanazungumza kwa ishara. Lakini madirisha! Kageha alijichagulia mapazia bora kuliko yote yaliyotoka katika marobota ya Gikomba, na jirani yake Apondi hakuchoka kusema kwamba hata waziri hana madirisha ya namna hiyo. Ilikuwa nyumba ya watu wadogo waliojinyima, na Kageha aliipenda kwa wivu, jinsi mtu anavyompenda mtoto aliyezaliwa kwa taabu.

Kisha ikaja korona, kiwanda kikapunguza watu, na Nyongesa akajikuta nyumbani mchana kutwa akihesabu misumari ya dari. Hapo akaingiwa na ndoto ya lori. Akaenda benki akachukua mkopo, akaiweka hati ya nyumba rehani, na mkewe hakuambiwa. Alichoambiwa ni kwamba lori ni la rafiki na yeye ni dereva tu. Lori lenyewe lilibeba mchanga kwa muda, likafia njiani huko Athi River, na halikufufuka. Nyongesa naye, mwenye ugonjwa wa presha na siri iliyomlemea, hakukawia kulifuata. Alizikwa kwao Bungoma bila kutoa hata neno moja la kumwonya mjane wake.

Waliotoa neno ni madalali. Walikuja asubuhi na tangazo la mnada wakaligundisha kwenye geti, na majirani wakawa wanalisoma wakijifanya wanapita.

Kageha si mtu wa kulia akakaa. Alimtafuta wakili, binti mmoja mwepesi wa maneno aitwaye Matheka, na Matheka akamweleza jambo lililomrudishia pumzi: nyumba ya ndoa haiwekwi rehani mpaka mwenzako akubali kwa sahihi yake. "Ulikubali, mama?" akamuuliza. Kageha akaapa kwa kaburi la nyanyake kwamba hakuna aliyemuuliza. Basi kesi ikafunguliwa, mahakama ikausimamisha mnada mpaka ukweli ujulikane, na benki ikaja na jibu lake. Jibu hilo ndilo lililomharibia Kageha usingizi.

Benki ilisema kwamba alikubali. Kwamba alikuja mwenyewe, pamoja na mumewe, katika ofisi ya wakili wao, Bwana Ngigi. Ulikuwa wakati wa barakoa, kila mtu amefunika uso. Aliitwa kwa jina lake, akaitika, akaonyesha kitambulisho chake, akatia sahihi, akatoka.

Kageha hajawahi kuikanyaga ofisi hiyo. Hata mtaa wenyewe haujui.

Basi alikuwako mwingine. Kulikuwa na mwanamke fulani mahali fulani Nairobi ambaye jina la Kageha liliitwa naye akaitika. Alikaa kwenye kiti cha Kageha, kando ya mume wa Kageha, akauza nyumba ya Kageha kwa mkono wake. Mwanzoni Kageha alimfikiria kama wake wote wafikiriavyo: kimada, mwenye kucha ndefu, wa huko Pumwani au Dandora. Alimchukia vizuri, chuki safi ya kuweza kulala nayo. Lakini siku zilivyopita, yule mwanamke alianza kubadilika. Hakuwa tena na kucha ndefu. Alianza kuvaa koti la Kageha. Alianza kutembea kwa mwendo wake. Kageha akipanda daraja la Gikomba asubuhi alihisi kwamba katika msongamano ule yuko mwanamke mmoja anayekwenda kinyume naye, kuelekea Lucky Summer, ana funguo.

Hakumwambia mtu. Ungemwambia nani maneno kama hayo?

Kisha Apondi akayasema yeye. Alikuwa kwenye kibanda chake cha mboga, kando tu ya ukuta wa Kageha, akikatakata sukuma wiki.

"Siku hizi unarudi mapema, mama Shirleen, na husemi na mtu," alilalamika. "Leo mchana nimekuita nikupe ndizi, ukaniitika kutoka ndani, halafu kimya. Nikasema labda umelala."

"Leo mchana nilikuwa Gikomba," Kageha akasema.

"Aka! Nimekuita, ukasema 'Naam, niko.' Sauti yako mimi nitaikosea?"

"Umeniita mara ngapi?"

Apondi akaacha kukata. "Mara moja," akajibu polepole, maana yeye pia ni mtu wa magharibi, mambo hayo hakuhitaji kufundishwa. Wakatazamana. Halafu Apondi, ambaye akiogopa huanza kutoa methali, akasema kikulacho ki nguoni mwako, akamfungia Kageha sukuma za bure.

Jioni hiyo Kageha alizunguka vyumba vyote. Hapakuwa na kitu kilichoibwa. Ila kiti cha Nyongesa, kile cha mbao chenye mto ambacho hakuna aliyekikalia tangu mazishi, mto wake ulikuwa umebonyea, na alipoweka kiganja juu yake ulikuwa na joto. Alikiondoa kiganja upesi. Alipomuuliza Shirleen, aliyekuwa amerudi kutoka saluni Kariobangi anakosuka nywele, binti yake alisema alikuwa kazini tangu asubuhi, kisha akaingia chumbani kwake bila kula.

Hofu ya Kageha sasa ilipata umbo. Nyanyake alisema anayeitika mwito wako amekubebea lako, na yeye siku zote alidhani maana yake ni balaa. Je, kama ni baraka pia? Kama yule wa pili, kwa kuitika tu, aliibeba nyumba? Labda nyumba yenyewe imeanza kumzoea. Nyumba haijui sahihi wala kitambulisho. Nyumba hujua nani anaitika ndani yake.

Akaamua kumwotea. Siku moja aliacha biashara kwa jirani yake wa kibanda, akarudi Lucky Summer mchana jua likiwaka, akasimama nje ya geti lake kama mwizi. Mapazia yalikuwa yamefungwa, na asubuhi aliyaacha wazi. Alipokuwa bado anatafuta ufunguo, Apondi, aliyekuwa ng'ambo ya ukuta na hamwoni, akaita kuelekea dirishani:

"Mama Shirleen!"

Na kutoka ndani ya nyumba Kageha akajisikia akiitika. "Naam, niko." Nzito, yenye mkwaruzo, imechoka kidogo, sauti ya mtu aliyekuwa akilia. Ilikuwa yake kabisa. Mkono ukampanda mdomoni kuhakikisha kwamba midomo yake imefungwa, na ilikuwa imefungwa.

Hakuingia. Mwanamke huyu aliyewahi kumkimbiza kibaka Gikomba nzima akiwa na mkasi mkononi alirudi nyuma mpaka barabara ya lami, akaingia kanisa la mabati lililokuwa wazi kwa mazoezi ya kwaya, akakaa kiti cha mwisho mpaka waimbaji wakatoka. Mmoja wao, alipomwona uso, alimletea maji. Aliporudi jua limeshuka, nyumba ilikuwa kimya, mapazia yako wazi kama alivyoyaacha.

Usiku huo alimweleza Shirleen kila kitu. Binti yake alisikiliza ameshika kijiko hewani, na mchuzi ukamdondokea mapajani asihisi.

"Mama, ni mawazo," akasema mwishowe. "Kesi imekuchosha. Ikiisha utapona."

"Na ikiisha kwa kushindwa?"

Shirleen akainuka, akaanza kuondoa vyombo. Tangu siku hiyo sauti haikusikika tena, na Kageha, badala ya kutulia, alizidi kuisubiri.

Kesi ilikuwa imefika mbali. Kageha alikwisha kutoa ushahidi wake mbele ya jaji, ana kwa ana, na aliutoa vyema. Iliyobaki ilikuwa zamu ya Wakili Ngigi, ambaye siku ile hakuwapo, na kikao hicho kingefanyika kwa mtandao. Matheka alikuwa na kesi nyingine Machakos, akasema ataingia kutoka huko huko. "Wewe tafuta mahali pana mtandao mzuri, mama. Ngigi akishindwa kueleza alimjuaje huyo mwanamke, nyumba ni yako."

Wakaenda saiba ya Owen, duka dogo la kompyuta na kuchapisha makaratasi nyuma ya kituo cha mafuta. Owen, bwana mnene mwenye huruma, aliwapa chumba cha pembeni, akawaletea kiti cha pili, akapangusa kioo kwa shati lake.

"Mama, leo network ni mbaya, imekuwa ikikatika tangu asubuhi," akasema. "Zimeni kamera, mbaki na sauti pekee. Mkitaka kuongea, mnafinya hapa." Akawaonyesha alama ya kipaza sauti.

Kwenye kioo kulikuwa na vijisanduku vyeusi vingi, kila kimoja na jina lake, kama makaburi yaliyopangwa. Uso wa jaji tu ndio ulioonekana, mwanamke wa makamo mwenye miwani, ukiganda na kuachia. Karani hakuonekana. Ilikuwa sauti tu, kavu, isiyotoka popote, ikiita majina.

"Joseph Bwire," ikaita.

Kimya kikapita, kifupi.

"Hayuko, mheshimiwa."

"Imetupiliwa mbali," akasema jaji, na kijisanduku cha Bwire, yeyote aliyekuwa na chochote alichokuwa akikigombania, kikatoweka.

Kageha akakisogelea kioo. Hawa nao huita mara moja. Alitazama majina kwenye kioo. La Matheka halikuwapo bado.

"Everline Kageha," sauti ikaita.

Alijua ni yeye. Alijua ni karani, mtu mwenye mshahara na mke, aliyeketi mahali fulani mjini na chai mbele yake. Yote hayo aliyajua, na koo lake likakataa. Maisha yake yote ulimi ulikuwa umefundishwa kukaa chini mwito wa kwanza unapokuja bila uso, na sasa ulikaa. Alingoja mwito wa pili jinsi mtu aliyezama anavyongoja hewa.

"Hayuko, mhe—"

"Naam, niko!"

Kageha aligeuka. Shirleen alikuwa ameinama juu yake, kidole kimefinya pale Owen alipoonyesha, macho yamemtoka kwa hofu. Ilikuwa imetoka kinywani mwake. Ile sauti ya kwao.

"Niko hapa, mheshimiwa," Shirleen akarudia, kisha akaachia kidole na kumnong'oneza mama yake, "Pole, Mama, wangeifuta kesi."

Kageha alitikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa, na kwa kweli hakuwa ameelewa lolote. Nani asiyejua kwamba binti wa mtu hufanana na mama yake kwa sauti? Mtu hulijua jambo hilo jinsi anavyoijua pua yake mwenyewe, haitazami. Lakini kitu ndani yake kilikuwa kimeanza kugeuka polepole, na hakutaka kukiangalia.

Jina la Matheka likatokea, na kesi ikaanza. Wakili Ngigi aliapishwa. Alikuwa na sauti ya mzee mpole, na Matheka alimwandama kama kuku anayeparura jaani. Je, aliuona uso wa huyo mama? Hapana, ulikuwa wakati wa barakoa. Alimwomba aivue? Hakuthubutu, watu walikuwa wakifa. Picha ya kitambulisho je? Ya zamani, ya msichana, macho yalifanana. Basi, bwana wakili, Matheka akauliza kwa utamu wa mtu anayefunga mlango, unawezaje kuiambia mahakama kwamba yule alikuwa mteja wangu?

"Kwa sauti," akasema Ngigi.

"Sauti?"

"Nimekuwa wakili miaka mingi, mheshimiwa, na sijasikia mwanamke mwingine mwenye sauti kama ile. Nilifungua mlango wa ofisi nikaita 'Everline Kageha' mara moja, na kabla sijafika mwisho wa jina akasema 'Naam, niko.' Nilitazama nikidhani ni mwanamume. Leo asubuhi karani alipoita, nimeisikia tena sauti ile ile, na maneno yale yale. Ni yeye. Naapa ni yeye."

Mara moja. Kabla ya mwisho wa jina.

Kageha hakumtazama binti yake. Hakuwa na haja. Alimsikia akiacha kupumua. Katika dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye sauti ya Kageha asiyekuwa na hofu ya Kageha, na mtu huyo alikuwa ameketi kando yake, magoti yao yakigusana. Yule mwanamke wa kucha ndefu aliyemchukia miezi yote akafutika. Hakukuwa na kimada. Aliyekikalia kiti cha Nyongesa mpaka kikapata joto hakuwa mzimu wala mwizi.

Angeona afadhali mzimu. Mtu ambaye ameishi na maiti na vivuli vya watu tangu utotoni anajua la kufanya na mzimu.

"Mama Kageha," jaji akasema. "Fungua kipaza sauti chako. Wakili wako atapata nafasi, lakini hili nataka kulisikia kwako. Kumbuka bado umeapa. Leo asubuhi jina lako lilipoitwa, ni wewe uliyeitika?"

Kila kitu kilikuwa pale mbele yake, wazi, na akakiona. Akisema hapana, ilikuwa kweli, na nyumba ingekuwa yake: geti, dari, madirisha, miaka yao yote. Jaji angeuliza basi ni nani, na jibu lingekuwa na jina. Na kujifanya mtu mwingine, ukatumia kitambulisho chake na kutia sahihi yake, watu hufungwa kwa hilo. Kando yake Shirleen alikuwa ameanza kupeleka kidole kwenye ile alama ya kipaza sauti, taratibu. Alikuwa anakwenda kusema. Kageha aliushika ule mkono akaukalisha mezani chini ya wake, kwa nguvu, mpaka mifupa ikamwuma.

Alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kama Nyongesa angefufuka saa ile angemuua tena kwa mikono yake.

"Mama Kageha," jaji akaita mara ya pili. "Ni wewe?"

Akafinya.

"Sauti hiyo imetoka kwangu, mheshimiwa," akasema.

Na hakuna wa kusema kwamba alidanganya.

"Na ile aliyoisikia Bwana Ngigi ofisini kwake?"

"Kama ni hiyo hiyo, basi na hiyo ilitoka kwangu."

Simu yake ikaanza kulia mfukoni. Ni Matheka, akipiga kutoka Machakos, na Kageha akaizima bila kuitazama. Akasema anaiondoa kesi. Jaji, ambaye huenda alihisi kwamba kuna jambo limepita mbele yake gizani, alimuuliza kama ameshurutishwa na mtu. Hapana. Kama anaelewa kwamba zuio la mnada litaondolewa. Anaelewa. Akaomba tu wapewe muda wa kuhama kama watu, na mawakili wa benki, kwa mshangao wa kupewa bure walichokuwa wakikipigania, wakakubali mpaka mwisho wa mwezi. Kijisanduku chenye jina lake kikatoweka, na karani akaita jina jingine.

Nje jua lilikuwa kali. Walizunguka mpaka ubavuni mwa kituo cha mafuta, pasipo na watu, na hapo Shirleen akaacha kutembea. Akakaa juu ya tairi kuukuu, na maneno yakamtoka yenyewe.

"Nilijua hukuambiwa, Mama. Sitakudanganya, nilijua. Nilikataa mara nyingi. Halafu akanipigia magoti. Baba, mzima, akanipigia magoti jikoni, akasema baada ya miezi miwili hati itakuwa imerudi na hutajua kamwe. Akanivalisha koti lako, akanitilia kitambulisho chako mfukoni. Wakili alipoita jina niliogopa nitajisahau, nikaitika haraka." Akajifuta pua kwa mkono. "Baada ya mazishi nilikuwa natoroka kazini nakuja kulia kwenye kiti chake. Mama Apondi akiita, naitika ili asiingie. Siku ile uliponiambia umejisikia ukiitika, nilitaka kufa."

Kageha alisimama akimtazama utosi. Alikumbuka jinsi alivyojificha kanisani mpaka waimbaji wakatoka. Alitaka kumpiga kofi. Alitaka pia kumfunika kwa leso yake kama zamani mvua ilipopiga mabati. Wahenga walisema mtoto akinyea kiganja hakikatwi, lakini hawakusema kiganja hicho hunuka kwa muda gani.

"Kwa nini hukusema ukweli?" Shirleen akauliza. "Nyumba ingekuwa yako."

"Nyumba hupangishwa," Kageha akasema. "Naweza kulipia nyingine huko Huruma, chumba na choo cha nje. Mtoto nitapanga wapi?"

Shirleen akalia kwa sauti, sauti ile, nayo ikamrudia Kageha masikioni kama yake mwenyewe inayolia mahali pengine. Alivumilia kuisikiliza.

"Umenisamehe, Mama?"

"Bado," Kageha akasema. "Inuka. Twende tukatafute maboksi ya kutosha hayo mapazia."